Baiskeli Ilipoacha Kulia

Alfajiri ile Fundi alifika kwa kina Nusu kimya kimya, na kosa lote lilianzia hapo.

Maana hajawahi kufika kimya. Baiskeli yake nyeusi ya keria pana ilikuwa na kava ya mnyororo iliyopinda tangu siku anainunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Pedeli ikizunguka, inagonga kava: tak. Ikizunguka tena: tak. Mtaa mzima uliijua. Mbwa walishachoka kuibwekea. Wateja wakimtania kwamba anatengeneza baiskeli za watu kutwa nzima halafu yake inalia kama debe la kokoto, anawajibu, "Hiyo kengele yangu. Nyie wenye kengele za kubonyeza mnajichosha kidole."

Hivyo ndivyo alivyokuwa anajibu, mpaka jana yake mama mzazi wa Nusu alipomkuta getini.

"Shikamoo mama," Fundi alisema, akashuka upesi kama kashikwa na kosa.

"Marahaba. Hivi wewe si ndiyo fundi baiskeli?"

"Ndiyo mama."

"Na hiyo uliyoshika ni nini?"

"Baiskeli, mama."

Mama aliitazama baiskeli toka tairi la mbele mpaka la nyuma, polepole, kama anayekagua mboga sokoni na hataki kununua. "Kinyozi hajinyoi," akasema. "Methali hiyo nimeisikia tangu utoto, sikujua kinyozi mwenyewe atakuja kusimama getini kwangu."

Fundi akacheka kidogo. Mama hakucheka.

"Na kingine nikuambie, kwa sababu mimi sisemi pembeni. Mwanangu anakimbia, wewe umekaa. Jasho linamtoka, umekaa. Anapanda kilima, ulimi nje, umekaa. Sasa najiuliza, na ndani ya nyumba itakuwa hivyohivyo?"

Mdomo wa Fundi mbele ya wateja ni mwepesi, maneno yanamtoka kabla hajayaita. Mbele ya mama huyu ukawa jiwe. Alisema "nimekusikia mama," akaondoka, na njia nzima baiskeli inamzomea: tak, tak, tak.

Alivyofika kibandani hata chai hakunywa. Aliigeuza baiskeli miguu juu, akafungua kava, akainyoosha kwa nyundo juu ya kipande cha reli, akairudisha, akakaza nati mpaka spana ikalia, akapaka mnyororo grisi. Akazungusha pedeli kwa mkono. Kimya. Gurudumu linazunguka kama linaota. Akajipiga kifua mwenyewe. Mambo mawili kasema mama, moja limekwisha. La pili, lile la kukaa, hakujua atalitengeneza kwa spana gani.

*

Nusu si jina lake, na aliyempa jina hilo hakumpa kwa wema. Ni shemeji yake, mume wa dada mkubwa, mtu asiyeweza kukaa na neno tumboni. Nusu alianza chuo cha ushonaji, akaacha katikati mama alipougua. Akachumbiwa, vikao vikakaa, halafu mchumba akaenda zake kuoa kwingine kama mtu aliyebadilisha basi. Mwaka jana akakimbia nusu marathoni, akarudi nyumbani na medali shingoni, anang'aa. Shemeji akamtazama, akapiga goti lake kofi: "Hata mbio kakimbia nusu! Huyu tumwite Nusu tu tujue moja." Sebule nzima ikacheka. Na Nusu mwenyewe alicheka. Jina likaganda kama gamu.

Mwaka huu akatangaza anakimbia marathoni nzima. Shemeji akasema, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni." Hapo Nusu hakucheka tena. Aliinuka, akaenda kuosha vyombo visivyo vichafu.

Kazi yake ni kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Siku nzima kasimama, anatoa mashuka mabichi kwenye mashine, anayalisha kwenye pasi kubwa, mvuke unampiga usoni. Kwa hiyo muda wa mazoezi ni alfajiri tu, na alfajiri peke yake barabarani aliogopa. Ndiyo siku moja akaja kibandani, hana baiskeli, hana pancha, akasimama.

"Una shida gani dada?" Fundi alimuuliza.

"Nataka mtu wa kunisindikiza nikikimbia. Mwenye baiskeli. Asiyeongea sana."

"Hayo mawili ya kwanza ninayo," Fundi alisema.

Nusu akacheka. Akaondoka na msindikizaji, na Fundi akabaki kashika tube ya mtu mkononi amesahau tundu liko wapi. Tangu siku ile kila alfajiri walikuwa wote. Yeye pembeni ya barabara, Fundi hatua mbili nyuma yake, na ule mlio katikati yao kama mtu wa tatu.

Jambo la moyoni Fundi hakuwahi kulitamka. Alijaribu mara moja, wamesimama wanakunywa maji chini ya tangi kubwa la maji, huko mwisho wa barabara ya machimbo ambako ndiko wanageuzia. Alifungua mdomo tu, Nusu akamwahi.

"Usiniambie kitu sasa hivi."

"Sijasema kitu."

"Macho yako yamesema. Sikia Fundi. Nikimaliza mbio nzima, njoo nyumbani na wazee wako. Nisipomaliza, usije."

"Kwa nini? Mimi marathoni inanihusu nini? Mimi nakutaka wewe."

"Kwa sababu watu watasema umeoa nusu." Alifunga chupa, akaikaza kuliko inavyotakiwa. "Na mimi mwenyewe nitasema."

Basi. Sharti likawa hilo. Mwanaume mzima, posa yake imefungwa kwenye miguu ya mtu mwingine.

*

Siku hiyo ilikuwa mbio ndefu ya mwisho. Kwenda mpaka kwenye tangi na kurudi, halafu kuanzia kesho yake ni kupunguza, miguu ipumzike mpaka siku yenyewe. Akiimaliza hii, marathoni anaiweza. Walishakubaliana hivyo.

Nusu alitoka anafunga nywele, akakuta mtu kasimama getini, akashtuka.

"Mungu wangu! Umefika saa ngapi? Sijakusikia."

Fundi akatabasamu mpaka masikioni. "Sikiliza." Akaisukuma baiskeli mbele, akairudisha, akazungusha pedeli.

"Nisikilize nini?"

"Unasikia?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo chenyewe hicho."

Nusu aliinama kuangalia kava. Akaigusa kwa kidole. "Umeitengeneza! Wewe? Leo mvua itanyesha." Alicheka, na alipocheka Fundi aliona kazi yake ya grisi imelipa. "Imependeza. Haya twende, kabla jua halijatuwahi."

Wakaondoka. Wakapita ukuta mrefu wa hospitali, taa za korido bado zinawaka, harufu ya sabuni ya kazini kwake inawafuata mpaka kona. Wakavuka reli. Wakaingia barabara ya maghala, milango ya chuma imefungwa, mlinzi mmoja kalala kwenye kiti na kofia usoni. Kila siku mlinzi huyu akisikia tak-tak anainua mkono bila kufungua macho. Leo hakuinua.

Nusu alikuwa anakimbia. Jamani, alikuwa anakimbia! Miguu inakula barabara. Fundi alihisi kwamba leo anakanyaga pedeli kwa nguvu zaidi kidogo kuliko kawaida. Angesema neno. Alitaka kusema "polepole," ulimi ukafika kwenye meno, akaurudisha. Aliona fahari. Akajiambia, mtoto wa watu leo kaamka na nguvu, mwache. Na tuseme ukweli, alikuwa anaangalia shingo. Pale nywele zilipoinuliwa, pana jasho dogo limejipanga kama shanga, na mwanga wa asubuhi umeanza kulishika. Mwanaume anayeangalia shingo hajui mwendo.

Walifika kwenye tangi jua ndiyo linachungulia. Nusu alikunywa mafunda mawili, akamrudishia chupa.

"Kunywa vizuri," Fundi alisema.

"Sina hamu."

"Kula ndizi basi."

"Fundi, twende tu."

Sauti yake ilikuwa na kitu. Fundi alimtazama, na Nusu akatazama pembeni. Wakageuza.

Kurudi ndiyo kukawa na mambo. Kwanza aliacha kutania. Huwa wakipita machimbo lazima amtukane yule dereva wa tingatinga anayewapigia honi. Leo honi ililia, hakugeuka. Halafu mabega yakapanda juu, karibu na masikio. Halafu hatua zikaanza kuwa fupi, moja ndefu moja fupi, kama anayetafuta ngazi gizani.

"Leo njia imekuwa ndefu," alisema.

"Njia ni ileile."

"Basi mimi nimekuwa mfupi."

Mbele ya kiwanda cha matofali akasimama. Hakuanguka, hakulia. Alisimama tu, kama saa iliyoisha betri, akaenda kukaa kwenye ukingo wa kalavati, akatazama miguu yake kana kwamba imeletwa na mtu mwingine.

Fundi aliitupa baiskeli. Ndiyo, aliitupa, yenye grisi mpya.

"Nini? Umeumia?"

"Sijaumia. Imeisha."

"Nini imeisha?"

"Nguvu. Miguu imekuwa shuka bichi, Fundi. Nikiinua haiinuki." Alikuwa anatetemeka na jua lilishatoka. "Nimeshindwa."

"Hujashindwa. Panda keria nikurudishe, ukapumzike, wiki ijayo tunarudia."

Aliitazama ile keria. Ilikuwa pana, Fundi aliwahi kuishonea hata kagodoro. Aliitazama kwa muda, mpaka Fundi akaionea aibu keria yake.

"Unajua nikikaa hapo ndiyo basi?" Nusu alisema taratibu. "Kila kitu changu kinaishia hivihivi. Katikati, halafu anatokea mtu mwema ananibeba kunirudisha nyumbani."

"Sikuwa na maana hiyo."

"Najua. Hakuna anayekuwaga na maana hiyo." Akamkazia macho. "Lakini na wewe. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa hapa! Nyuma yako."

"Mbona hukuniambia nakimbia sana?"

"Niliona uko na nguvu."

"Nguvu gani? Nilikuwa nakutafuta!"

Fundi hakuelewa. "Unitafute, nimepotea?"

"Sikukusikia!" Sauti ikampanda, kisha ikashuka yenyewe, hakuwa hata na nguvu ya kugomba. "Miezi yote hii mimi nakimbia na ule mlio wako. Ukigonga natoa pumzi, ukigonga navuta. Sikuwahi kufikiria, miguu yenyewe ilishajua. Leo hakuna kitu. Kimya. Nikawa kama mtu aliyezimiwa taa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Naongeza mwendo, nadhani uko mbele. Napunguza, nadhani uko nyuma. Mpaka nimefika kwenye tangi nimeshaisha, nikaona aibu kukuambia."

Fundi alikaa chini pale pale kwenye vumbi. Kila neno lilikuwa linaingia kama msumari kwenye tairi, na yeye anajua kabisa msumari huo kauweka nani.

"Kwa nini umeitengeneza?" Nusu akauliza.

"Nilitaka kukufurahisha."

"Mimi nilikuambia inanikera?"

"Hapana."

"Basi ulitaka kumfurahisha nani?"

Fundi alichukua kokoto, akairusha. "Mama yako."

"Mama kasema nini?"

"Kinyozi hajinyoi."

Nusu alimtazama. Pembe ya mdomo ikacheza. "Akaishia hapo?"

"Akaishia hapo."

"Inaendelea hiyo. Na akijinyoa hujikata." Akafuta jasho kwa mkono wa fulana. "Umejikata, Fundi. Na damu imetoka kwangu."

Lori la matofali likapita, vumbi likawafunika, likawaachia. Fundi alikuwa na maneno mengi, akayapanga, akayapangua, likabaki moja tu lenye maana.

"Nisamehe. Ningekuuliza."

"Ungeniuliza," Nusu alikubali. Halafu akanyoosha mkono. "Lete hiyo ndizi."

Alikula ndizi. Akala na ya pili, iliyokuwa ya Fundi. Akanywa maji ya sukari na chumvi, safari hii kwa mafunda makubwa. Rangi ikaanza kurudi usoni, na Fundi akawa anamtazama kama anayetazama mtungi unajaa.

"Mama yako alisema na kingine," Fundi alisema.

"Alisema nini tena huyo mama?"

"Kwamba wewe unakimbia, mimi nimekaa. Unatoka jasho, nimekaa. Na kwenye nyumba itakuwa hivyohivyo."

Nusu alijaribu kujizuia, akashindwa. Kicheko kikamtoka na ndizi mdomoni. "Lakini si kweli, umekaa?"

"Nimekaa," Fundi alisema, na yeye kikamshinda. Wakacheka wote, watu wazima wawili juu ya kalavati, mmoja ana vumbi mpaka kwenye kope.

Kicheko kilipoisha Fundi aliinuka, akaiokota baiskeli. Akachomoa spana kwenye mkoba wa chini ya siti.

"Unataka kuilegeza?"

"Kava nimeikaza vibaya sana, nitakesha hapa. Simama."

"Fundi, siwezi."

"Sikuambii ukimbie. Simama tu. Leo sikai." Akashika usukani kwa mkono wa kushoto, baiskeli pembeni, na mkono wa kulia akagonga fremu kwa spana. Tak. Akasubiri, kwa mwendo wa zamani, mwendo ule wa siku zote. Tak. "Tembea na hiyo."

Nusu alisimama. Tak. Akapiga hatua. Tak. Walitembea hivyo mpaka mwisho wa ukuta wa kiwanda, wafanyakazi wa zamu wanawashangaa, mmoja akauliza kama baiskeli imekufa wanaizika. Baada ya ukuta, bila kuambiana, hatua ya Nusu ikainuka ikawa mbio. Mbio ndogo, za kizee, lakini mbio.

Na Fundi naye akakimbia. Kwa viatu vya kazini, vile vizito vyenye soli ya tairi. Anasukuma baiskeli, anagonga spana, anahema.

"Unapumua kama pampu iliyotoboka," Nusu alisema.

"Wewe sikiliza spana."

"Usinifie hapa."

"Sifi."

"Nitamwambia nini mama?"

"Mwambie... nilikuwa... sijakaa."

Mlinzi wa maghala alisikia tak-tak, akafungua jicho moja, akakuta safari hii mtu na baiskeli wote wako kwa miguu. Akainua mkono hivyohivyo.

*

Mama alikuwa amesimama katikati ya barabara, mbele ya geti, sweta juu ya gauni la kulalia na viatu vya mume wake marehemu miguuni. Alipowaona alishika kiuno. Fundi akajua leo ndiyo leo.

"Mlikuwa wapi?"

"Shikamoo mama," Fundi alitoa, pumzi haimtoshi hata ya salamu.

"Marahaba, mlikuwa wapi? Baiskeli imekuwaje? Imeibiwa imerudi?"

"Hapana mama. Nimeitengeneza."

"Nani kakutuma?"

Fundi alimtazama Nusu. Nusu akatazama mawingu.

"Nakuuliza wewe, nani kakutuma?" Mama alisema, mikono ikaachia kiuno. "Kila alfajiri mimi niko macho. Mnadhani nimelala, sijalala. Nasikia ile kelele yako inakwenda, inakwenda, mpaka inapotelea kule relini. Ikipotea najua yuko na mtu, nalala kidogo. Ikianza kurudi naisikia kwa mbali kabla hata ya jogoo wa jirani, naamka nabandika maji. Leo sijasikia kitu kikienda, na saa yenu ya kurudi imepita bila kitu. Nikasema ameondoka peke yake. Nikasema kapatwa na jambo. Nimesimama hapa jua limenikuta."

Mama alimsogelea mwanawe, akampangusa vumbi shavuni kwa kiganja, kwa nguvu, kama anafuta meza.

"Umefika wapi leo?"

"Kwenye tangi mama. Na kurudi."

"Yote?"

"Yote. Kipande nimetembea. Lakini kwa miguu yangu."

"Yote," Mama alirudia, taratibu, kama anaonja chumvi. Kisha akamgeukia Fundi, akamwona vizuri sasa: shati limeganda mgongoni, vumbi limekuwa tope usoni. "Na huyu kaanguka mtoni?"

"Amekimbia mama."

"Kwa viatu hivyo?"

"Toka kiwanda cha matofali."

Mama aliviangalia viatu kwa muda. Miezi yote Fundi hakuwahi kuvuka lile geti. Mwisho wake ulikuwa pale nje, kwenye nguzo ya taa. Mama alishika komeo, akafungua upande wa pili pia, ule usiofunguliwa mpaka mgeni aje na mzigo.

"Ingiza baiskeli ndani," alisema. "Itaibiwa hapo."

*

Uani palikuwa na kamba za nguo na ngazi tatu za saruji. Nusu alikaa kwenye ngazi ya chini, miguu ndani ya beseni la maji baridi, anaimba kwa maumivu. Fundi alikaa kwenye ngazi ya juu yake kidogo, kikombe cha chai mkononi, hajui amekaa vizuri au amekaa sana.

"Nikuambie kitu?" Nusu alisema bila kugeuka. "Siku yenyewe baiskeli haziruhusiwi. Njia inafungwa. Tangazo liliandika."

"Umejua lini?"

"Zamani. Nilikuwa sitaki kulifikiria." Alichezesha vidole ndani ya maji. "Kwa hiyo leo ulivyonikata, afadhali umenikata leo. Ningejikuta siku ile, katikati ya watu, sina taa."

Fundi alifikiri. Akifikiri huwa anazungusha kitu mkononi, na sasa alizungusha kikombe.

"Basi tufanye hivi. Kesho nakuwa nyuma yako hatua mbili, kama kawaida. Keshokutwa narudi nyuma kidogo, unanisikia lakini kwa mbali. Siku nyingine, nyuma zaidi. Hivyo hivyo, mpaka mlio ubaki kichwani kwako tu."

"Na siku ambayo sikusikii kabisa, nitajuaje kama upo?"

"Nitakuwepo."

"Nitajuaje?"

"Umewahi kugeuka ukanikosa?"

Nusu aligeuka. Alimkuta. Wakatazamana, na kwa mara ya kwanza hakumwambia macho yako yamesema. Aliyaacha yaseme yamalize. Chai ikapoa.

"Sharti liko palepale?" Fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Palepale." Akarudisha uso kwenye beseni, lakini masikio yake yalikuwa yamecheka. "Ila waambie wazee wako wasipange safari wiki ile."

Mama alitokea mlangoni na taulo, akampa mwanawe, halafu akasimama mbele ya baiskeli iliyoegemezwa ukutani chini ya kamba za nguo. Akaisukuma pedeli kwa kidole cha mguu. Ikazunguka kimya, laini, nzuri. Akaichukia waziwazi.

"Legeza hiyo."

"Mama, nimeinyoosha vizuri, nilidhani wewe ndiye..."

"Nilisema sana. Mtu akisema sana na wewe unamsikiliza yote?" Alimpokonya kikombe. "Huyu atakimbia bila kelele, sawa, mmeshapanga. Mimi sikimbii marathoni. Mimi nataka kulala."

Fundi alipiga magoti mbele ya baiskeli yake, akatoa spana. Maisha yake yote watu walimletea vitu vilivyoharibika wakamwambia vitengeneze. Huyu ndiye wa kwanza kumwambia aharibu. Nati ilikuwa imekaza kweli, akaivuta mpaka mishipa ikamtoka, ikakubali. Akaikunja kava kwa kiganja, kidogo tu, pale pale ilipozoea kupinda. Akazungusha pedeli.

Tak.

Nusu, miguu kwenye beseni, akatoa pumzi.

Tak.

"Hapo," Mama alisema, akaingia ndani kulala.